Upepo Upo, Maji Nyuzi 7: Uingie Usiingie?

Kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, upepo wa kutegemewa huja pamoja na baridi. Wakati wa kiangazi jua linawaka na ufukwe umejaa watu, lakini upepo ni wa kubahatisha. Ikifika Desemba unaweza kuvuma siku tatu mfululizo, usiku na mchana, na ufukweni hakuna mtu. Kijana aliyejifunzia windisafu Diani au Jambiani, kisha akaja huku kwa kazi au masomo na kupata chumba Portsmouth au Southampton, huligundua jambo hili mwaka wake wa kwanza. Ubao uko stoo, tanga limekunjwa, nje miti inayumba, na moyo unamwambia twende.

Nitachukua mfano wa kisiwa cha Hayling, jirani na Portsmouth. Ni mahali panapofikika kwa gari, pana wazoefu wengi, na mchezo wenyewe una mizizi pale: mwaka 1958 Peter Chilvers, akiwa bado mtoto, alifunga tanga kwenye ubao hapo Hayling, miaka kumi kabla ya Wamarekani Hoyle Schweitzer na Jim Drake kuomba hataza ya chombo chao. Ukikaa kwingine, badilisha majina ya fukwe. Hesabu ni ileile.

Wengi huamua kwa kujiuliza kama wataivumilia baridi wakiwa wanakwenda. Ukiwa juu ya ubao unakimbia, misuli inafanya kazi, damu inachemka, na hewa ya nyuzi 6 haikusumbui sana. Kwa hiyo jibu la swali hilo karibu kila mara ni ndiyo, na ndiyo maana halifai. Mfikirie badala yake mtu ambaye kiungo kinachoshika mlingoti kwenye ubao kimekatika. Yuko mita 400 kutoka ufukweni, tanga limelala majini, amejilaza juu ya ubao anapiga maji kwa mikono, na kila wimbi linampitia mgongoni. Je, kwa upepo wa leo, maji ya leo na nguo ulizonazo leo, mtu huyo atafika nchi kavu kwa nguvu zake mwenyewe? Ukiweza kusema ndiyo bila kusita, nenda. Ukijikuta unasema labda, siku hiyo si yako.

Anza na maji, si hewa. Bahari huchelewa kupoa na huchelewa kupata joto. Novemba, majani yameshapukutika na watu wako kwenye makoti, maji ya Hayling bado yana kama nyuzi 12. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, siku zimeanza kurefuka na jua linatoka, lakini maji yameshuka hadi nyuzi 7 au 8, na mwaka wenye baridi kali huwa chini zaidi. Mimi siku ya Novemba yenye mawingu mazito naiamini kuliko siku ya Machi yenye jua. Kwa aliyezoea bahari ya Zanzibar, ambako hata kilele cha kusi maji huwa karibu nyuzi 25, namba hizi ni ulimwengu mwingine, na mwili wake haujui hivyo mpaka aguse. Usikisie. Lipo boya la kupimia mawimbi mbele ya Hayling linalotoa pia joto la maji, na kituo cha Chimet kilichopo mlangoni mwa bandari ya Chichester hutoa upepo, mawimbi na joto kila baada ya dakika chache. Vyote viwili vinasomeka kwenye simu bila malipo.

Sasa, maji hayo yanaufanya nini mwili? Ng'ambo tu ya bandari ya Langstone, kwenye Chuo Kikuu cha Portsmouth, Profesa Mike Tipton ametumia miaka mingi kulichunguza swali hilo. Watu hudhani mtu anayekufa kwenye maji ya baridi huganda polepole. Wengi hufa mapema zaidi, katika dakika za kwanza. Ngozi ikipoa ghafla, mapafu huvuta pumzi kubwa bila ruhusa yako, halafu unahema mfululizo na moyo unakwenda mbio. Mdomo ukiwa chini ya maji wakati wa pumzi ile ya kwanza, basi. Mkanada Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameliweka somo lote katika namba tatu: 1, 10, 1. Una dakika 1 ya kuituliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla fahamu hazijapotea kwa kupoa.

Namba hizo ni za maji ya baridi kali na nguo za kawaida. Wetisuti nene huzirefusha sana. Lakini kifua huvaa milimita 5 na vidole huvaa 2 au 3, wakati mwingine hakuna kitu. Kwa hiyo kwenye windisafu kinachokwisha kwanza ni mikono, na kwenye windisafu mikono ndiyo kila kitu: ndiyo inayovuta tanga kutoka majini, inayoshika bumu (upau wa kushikia tanga), inayofungua ndoano ya mkanda wa kiunoni, inayobonyeza simu. Mtu anaweza kuwa na akili timamu na kifua chenye joto, akashindwa kufungua fundo moja.

Nenda kwenye upepo, na hapa usiharakishe, kwa sababu ndipo siku nyingi za baridi huharibikia. Aliyejifunzia upande wa mashariki wa Unguja ana bahati ambayo huenda hakuiona. Kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka kusini mashariki. Ufukwe wa Paje unatazama mashariki. Pepo zote mbili zinakusukuma kurudi nyumbani, na mwamba unalinda maji ya ndani. Mtu anaweza kucheza miaka mitano pale bila kulazimika kujiuliza upepo unampeleka wapi. Hayling inatazama kusini. Upepo wa kusini magharibi hukurudisha ufukweni kwa mshazari, na huo ndio upepo wa kuutafuta. Upepo wa kaskazini hukutoa nje kuelekea Mlango Bahari wa Uingereza, na kwenye maji ya nyuzi 7 hakuna ujuzi unaoufanya kuwa upepo mzuri.

Tena upepo wa kutoka nchi kavu hudanganya macho. Ukisimama ufukweni, nyumba na miti nyuma yako zinauzuia. Maji ya karibu yametulia, yanang'aa, yanavutia. Nguvu yake kamili iko mita 200 mbele, na ukifika hapo umeshachelewa kuanza kubisha kurudi.

Na upepo wa majira ya baridi hausimami mahali pamoja. Vimbunga vidogo vya kutoka Atlantiki hupita kimoja baada ya kingine. Kwanza huja upepo wa kusini magharibi wenye mvua na vuguvugu, hewa nyuzi 10 au 11, upepo mzito na wa kueleweka. Halafu hupita mstari wa hewa baridi. Mvua inakatika, mawingu yanapasuka, anga inakuwa ya buluu safi, na wengi ufukweni husema sasa hali imekuwa nzuri. Kumbe katika dakika hizohizo upepo umegeuka kuwa wa magharibi, kisha kaskazini magharibi. Joto limeshuka nyuzi nne au tano. Na upepo wenyewe umekuwa wa mapigo, unalegea halafu unakurukia. Siku iliyoanza na upepo wa kukurudisha inaishia na upepo wa kukutoa. Kwa hiyo unaposoma utabiri wa Met Office au wa tovuti yoyote ya mabaharia, usitazame namba ya kasi peke yake. Fuata mshale wa kila saa. Kama mshale unageuka saa nane mchana, uwe nje ya maji saa saba.

Kasi nayo ina mtego wake. Hewa ya nyuzi 5 ni nzito kuliko ya nyuzi 25 kwa kama asilimia 7, na tanga hulihisi hilo. Isitoshe, nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: kutoka noti 20 hadi 25, yaani kutoka kilomita 37 kwa saa hadi 46, nguvu inayokuvuta huongezeka kwa zaidi ya nusu. Tanga la mita 5.3 ulilolitumia Agosti kwa kasi fulani, Januari chukua la 4.7. Utakwenda polepole kidogo, na mikono itadumu. Mpaka wangu ni wastani wa noti 15 hadi 22. Nikiona wastani ni 18 lakini mapigo yanafika 32, siendi, hata kama mwelekeo ni mzuri, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayomwangusha mtu mara kwa mara, na kila anguko ni joto linalotoka mwilini.

Kupwa na kujaa watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa, ila mlango wa bandari ya Langstone unastahili neno moja. Maji yakipwa, bandari nzima hujimwaga kupitia pale penye wembamba, na wakati wa bamvua mkondo huo ni mkali kuliko mtu yeyote anayepiga maji kwa mikono. Upepo wa kusini magharibi ukikutana nao, huinuka mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Kaa mbali na mlango huo maji yanapotoka, na ikiwezekana panga kucheza yakiwa yanajaa.

Jua nalo ni sehemu ya hesabu. Karibu na tarehe 21 Desemba huzama kama saa kumi jioni. Helikopta na mashua za uokoaji hutafuta hata gizani, lakini kichwa kimoja chenye kofia nyeusi kwenye maji meusi ni kigumu kukiona. Toka saa tisa.

Kuhusu nguo, fedha ikiwa ndogo, itumie kwenye wetisuti iliyokukaa sawasawa kuliko ile nene zaidi dukani. Nyuma ya kiuno na makwapani ndipo pa kukagua: kukiwa na nafasi ya hewa, maji yatakuwa yanaingia na kutoka kila unapoanguka, na milimita 6 hazitakusaidia. Kwa Hayling tafuta 5/4 au 6/4, namba ya kwanza ikiwa ya kiwiliwili. Ukinunua ya mtumba, ivute mishono mbele ya dirisha. Ukiona mwanga, maji yataiona njia hiyohiyo. Kifua chenye mpira laini usiofunikwa na kitambaa ni bora kwa mchezo wa tanga, kwa sababu kitambaa kilicholowa hupoa upepo unapokipiga. Na upepo unapiga kweli: hewa ya nyuzi 5 ikivuma kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 1 chini ya sifuri.

Kofia ya mpira inayofunika masikio, vaa. Viatu vya mpira, vaa. Glavu ndizo zenye utata. Glavu nene zilizofungwa huongeza unene wa bumu kiganjani, unalazimika kukaza mkono muda wote, na baada ya dakika kumi misuli ya mkono chini ya kiwiko imevimba na haishiki. Wazoefu wengi hutumia glavu zilizo wazi kiganjani: mgongo wa mkono na vidole vimefunikwa, kiganja kinagusa bumu moja kwa moja. Mwanzoni zinaonekana kama hazitoshi, lakini jaribu kabla hujanunua zile nene. Juu ya yote vaa fulana ya kuelea yenye rangi kali, ya machungwa au manjano, kwa maana wetisuti karibu zote ni nyeusi.

Chukua ubao mkubwa. Ubao mdogo unaozama ukisimama unahitaji upepo uleule ulioutabiri. Upepo ukifa, umekwama. Ubao wa lita 30 zaidi ya kilo zako utakubeba ukiwa umesimama, utakuwezesha kulivuta tanga kwa kamba na kurudi taratibu hata kwa upepo hafifu. Kabla hujatoka nyumbani, kunja kile kiungo cha mpira kilicho chini ya mlingoti na ukitazame kwa karibu sana kwenye mkunjo. Nyufa nyembamba kama nywele, hasa karibu na skrubu, zina maana kimefika mwisho. Mpira mzee hukakamaa kwenye baridi na kukatika bila onyo. Kipya hakigharimu sana. Funga pia kamba ya mita mbili kiunoni, ya dharura. Na chochote kikivunjika, usiuache ubao ili uogelee. Liache tanga ikibidi, maana vifaa vinanunulika. Ubao ndio unaoelea, nao ndio anaouona mtu wa uokoaji.

Ukifika ufukweni usianze kufunga tanga. Simama dakika kumi ukitazama. Waliomo wanakwenda na kurudi walipoanzia, au kila mzunguko wanazidi kusogea demani? Wanatoka wakitembea kawaida? Muulize mzee yeyote anayevua wetisuti pale maegeshoni. Watu hawa hupenda kusema, na atakwambia kuhusu mkondo wa siku hiyo jambo ambalo simu haijui. Kisha, kabla ya kupanda ubao, ingia maji ya kifuani makusudi, jitose mpaka shingoni, na usifanye chochote mpaka pumzi itulie. Ule mshtuko wa kwanza utakuwa umeupokea miguu ikiwa chini. Ukiupata kwa bahati mbaya kwenye kina, fuata wanachofundisha RNLI, shirika la waokoaji wa baharini: lala chali, inua uso, elea, usipambane mpaka upumuaji urudi.

Cheza vipindi vifupi. Dakika 20 au 25, rudi, simama mchangani, vua glavu moja. Gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono uleule. Vikikutana upesi, una kipindi kingine. Vikisitasita, vikitetemeka, au ukalazimika kuvitazama ili vikutane, siku imekwisha, hata kama upepo ndio kwanza umekaa sawa. Jaribio hili ni la kweli kuliko hisia zako, kwa sababu mtu anayepoa huwa wa mwisho kujua kwamba anapoa. Mwenzako akianza kujibu maneno mafupi au kujikwaa, mtoe bila kumwomba ruhusa.

Nimesema mwenzako, kwa sababu peke yako usiingie. Na awepo mtu nchi kavu, mke, kaka, jirani, anayejua ufukwe gani na saa ngapi utampigia. Saa hiyo ikipita, apige 999 na aombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Asingoje nusu saa kwa kuona haya. RNLI, iliyoanzishwa 1824, ina kituo chake hapohapo Hayling, mabaharia wake wengi ni wa kujitolea, na hawamtozi mtu hata senti kwa kuokolewa. Wenyewe husema ni heri waitwe bure kuliko kuitwa wamechelewa. Wewe beba simu kwenye mfuko usioingia maji, kifuani, mahali ambapo mkono mmoja uliokufa ganzi unaweza kuufikia.

Ukitoka, mwili huendelea kupoa kwa muda. Vaa nguo kavu kwanza, uji au chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa baadaye, kufungasha vifaa mwisho. Usiendeshe gari ukiwa bado unatetemeka. Mwenye shinikizo la damu au tatizo la moyo aongee na daktari wake kabla ya msimu, si baada ya kuona utabiri mzuri.

Siku ambayo hesabu inakataa, si lazima urudi kulala. Bandari ya Poole, magharibi ya hapa, ina maeneo mapana ambayo mtu husimama maji yakiwa kiunoni. Anayekaa upande wa Liverpool ana ziwa la West Kirby, lililojengwa kando ya bahari, ambalo halizidi sana kimo cha kifua. Pale kiungo kikikatika unatembea kurudi, na kwa hiyo upepo ambao Hayling ungenifanya nisiingie majini, pale naukubali.

Na mwili hufunzwa. Tafiti za Portsmouth zimeonyesha kwamba kuzama mara tano au sita kwenye maji ya baridi, dakika chache kila mara, hupunguza ule mshtuko wa kwanza kwa karibu nusu. Haikuongezei nguvu za vidole, lakini inakuachia pumzi. Ndiyo maana anayeendelea kucheza kila wiki tangu Septemba hufika Desemba akiwa tayari, na anayeweka ubao stoo Septemba akautoa Januari anaanza upya. Aliyetua Heathrow mwezi wa Januari, hata awe bingwa wa Paje, ajitose ufukweni na wenzake apate kuzoea, ajifunze mikondo, anunue wetisuti bila pupa. Tanga alifunge mwishoni mwa Mei.